Maelezo ya Shahidi Kuhusu Kikombe cha Maji ya Kisima

Shahidi: Babu Soli, kama anavyojulikana mtaani. Umri: miaka 74, kwa kukisia. Kazi: fundi viatu. Makazi: nyumba inayotazamana na kisima.

Mimi ndiye niliyegundua kwamba maji ya kisima chetu yana kasoro. Haya, afande, usinikazie macho, si kweli. Mimi nilikuwa nayanywa na kuyasifu. Aliyeyapima ni mjukuu wangu, afisa afya, ambaye kwa utani namwita mke wangu.

Mnamo tarehe 9 mwezi huu, saa nne asubuhi, aliita watu kisimani. Alisema kipimo cha kwanza kimeonyesha madini ya betri, cha pili hakikuonyesha kitu. Mlalamikaji, mwenye karakana ya betri, akamuuliza, "Binti, ni sumu au si sumu?"

Akajibu, "Sijui bado, mzee wangu. Nangoja kipimo cha tatu. Mpaka hapo, watoto na wajawazito wasiyanywe."

Watu wakaguna. Hata mimi nikamchokoza: "Mke wangu, miaka yote ile chuoni umeturudia na 'sijui'?"

"Na wewe babu, soli ukishaishona unajua itabanduka lini?"



Mjukuu wangu hakumtaja mtu. Neno sumu lilitoka kwa mlalamikaji mwenyewe, ambaye alichota kikombe, akanywa chote, akapigiwa makofi. Kwa ukorofi wangu nikakijaza tena. "Hongera, jirani. Sasa mpe na kitinda mimba wako." Mtoto alikuwa ameshika suruali ya baba yake. Akanyoosha mkono. Baba akaurudisha taratibu, akasema, "Huyu ana mafua."

Mjukuu wangu akaninyang'anya kikombe, akamwaga. "Babu, mtoto hafanyiwi mzaha!" Kisha akamnywesha mtoto maji ya chupa yake mwenyewe. Alinifokea mbele ya watu, na sijawahi kumpenda kama siku ile.

Mnasema mjukuu wangu ameleta taharuki. Basi na baba yule aliileta, aliporudisha ule mkono. Simlaumu. Naye hakujua.

Niliyoyaona yameishia hapo; nimesomewa, nimeyakubali. Ila afande, nilikushonea buti asubuhi ya gwaride, ukaniahidi hisani. Naidai leo. Mke wangu yuko kwenye benchi lako tangu alfajiri. Mpelekee chai. Isiwe ya maji yale.

Sahihi: BABU SOLI

Afisa mwandishi: Nimemsomea shahidi maelezo haya, ametia sahihi mbele yangu. "Mke" ni mjukuu. Chai imepelekwa, ya maji ya chupa. Amekunywa nusu, nusu ameagiza apewe shahidi.