Mfupa wa Kulabu

Makote, Newala
4 Juni 1959

Kaka yangu mpenzi Dastani,

Shikamoo. Natumaini umefika Makerere salama na kwamba zile ndizi zao za kuponda hazijakushinda. Sisi huku hatujambo. Baba anakohoa kidogo lakini bado anachonga, na Mama ananiuliza habari zako kila asubuhi kana kwamba mimi ndiye posta.

Kwanza niache nijisifu. Ni nani mwingine Newala nzima, mwenye darasa la nne tu, aliyemfundisha mwanachuo wa udaktari? Nilimwambia rafiki yangu Fakihi, akasema mimi ni mwongo tangu tumboni. Nikamwambia akamwulize Mama Veridiana, jirani yetu, aliyekuona umefungwa kanga machoni, umekaa mkekani kama kuku wa kuchinjwa, nami nakutilia kiganjani mfupa mmoja mmoja.

Maana ulirudi nyumbani umenywea, ukasema mtihani wa mifupa umekushinda, na ukikushinda tena mwisho wa mwezi huu wanakufukuza. Ukaeleza kwamba mtahini humtilia mtu mfupa mkononi, akataka jina lake, na kama ni wa mkono wa kulia au wa kushoto. Mimi Kizungu sikijui, lakini picha za kitabu chako hazina Kizungu. Nikachukua patasi ya Baba, nikachonga mifupa yote minane ya kifundo cha mkono wa kulia, nikaipa majina ya kwetu: Mbaazi, Mwezi, Kichwa, Kulabu na wenzao. Wewe ukajibu kwa majina yenu marefu. Ukikosea, debe kichwani, bondeni kuteka maji. Wiki ya kwanza nyumba nzima ilioga mara mbili kwa siku! Mama akasema Mungu akuzidishie ujinga.

Lakini ulishika. Siku moja ukaniita Mwalimu mbele ya Baba, na Baba hakucheka. Kaka, usiku ule sikulala.

Sasa kaa chini. Wiki moja kabla hujaondoka niliuchukua ule mfupa wa Kulabu, nikaenda nao kisimani kumringia Fatu binti Majaliwa. Nikamwambia kwamba daktari mzima hafanyi kitu bila mimi. Akacheka, nami kwa kujitia kuurusha na kuudaka, ukaniponyoka ukapasuka kwenye jiwe. Nikakimbia nyumbani nikachonga mwingine, haraka, bila kitabu, nikaupaka majivu na mafuta ili ufanane na ndugu zake. Jioni nikakutilia mkononi. Ukaupapasa, ukasita, ukasema huu ni wa kushoto. Nikakucheka sana, nikakupa debe. Tangu siku ile ukawa unasema ni wa kulia, kama nilivyokufundisha.

Jana jioni Fatu aliniletea vile vipande. Alikuwa ameviokota na kuvifunga katika pindo la kanga. Nimeviunganisha na kuvilinganisha na huu wangu wa haraka, uliouacha hapa. Ndoano ya ule wa kwanza inainamia upande mmoja, ya huu wangu inainamia upande wa pili. Ulikuwa sahihi, kaka. Nilikutuma maji kwa jibu la kweli.

Ningeweza kunyamaza ukabaki unaniita Mwalimu, na kusema kweli nilinyamaza leo tangu asubuhi hadi alasiri. Kisha nikamwambia Baba. Hakunigombeza. Alivichukua vipande, akavigandisha mwenyewe kwa utomvu wa mkorosho, akanirudishia akisema niandike leo leo. Ndio mfupa huu nilioufunga kwenye kitambaa. Cecil, dereva wa lori, ameapa kuufikisha posta Mtwara kesho.

Fumba macho, uupapase mpaka uuzoee. Na siku ile ya mtihani, nakuomba, jibu kama vidole vyako vinavyosema. Ukiisikia sauti yangu inakucheka, usiisikilize.

Mama anakusalimu, anasema usilale bila sweta. Baba naye, na Mama Veridiana. Fatu hakukutumia salamu, ila nilipomsimulia aliuliza kama madaktari wote husita hivyo kabla ya kusema kweli. Nimemwambia ndiyo, wale wazuri.

Ni mimi mdogo wako,
Marko