Shina la Bamba la Tisa

Adelaide, 5 Machi 1861

Dada Walburga,

Daktari Trummler, anayeandika kitabu cha mimea ya koloni hili, amesema leo asubuhi kwamba mmea niliouchonga kwenye bamba langu la tisa la shaba haujawahi kuandikwa na mtu yeyote. Sababu yake ni moja: mimea yote ya jamii hiyo hupanda mtini ikijizungusha kulia, na wangu, kwenye chapa ya karatasi, unajizungusha kushoto. Ataupa jina letu, Amthor.

Natumaini hujambo na kifua cha Mama kimetulia. Mimi mzima, ila nzi wananiandama.

Ungedhani nimefurahi. Lakini wewe umekulia karakanani kwa Baba, unajua tunavyochonga: kilicho kulia kwenye shaba hutoka kushoto kwenye karatasi, kwa hiyo lazima tuchonge kinyume. Mabamba manane nina hakika nayo. La tisa nililichonga nikiwa na homa, na sikumbuki kama niligeuza.

Mmea wenyewe uko vilimani, mwendo wa siku nne kaskazini. Huchanua mwisho wa Septemba, kisha hukauka mpaka ardhini. Ule niliougandamiza kitabuni ukauke niliutoa kwenye kijiti chake ili ulale vizuri, kwa hiyo hausemi kitu. Mchoro wangu wa rangi unao wewe, kwa ajili ya wanawake wa huko wanaopaka rangi nakala za kitabu. Utazame uniambie shina linaelekea wapi.

Miaka minne nimechonga lebo za bia na kadi za mazishi. Hiki ndicho kitabu changu cha kwanza cha maua, na yamebaki mabamba tisini. Nikiwa nimekosea, Daktari hatanipa hata moja.

Mdogo wako,
Leberecht


Nuremberg, 12 Mei 1861

Leberecht wewe,

Barua imefika juzi. Sisi hatujambo. Mama anakohoa asubuhi tu, mchana anapata nguvu za kunigombeza. Amekwisha mwambia mwoka mikate kwamba kuna ua linaitwa Amthor, kwa hiyo mtaa mzima unajua. Jana mke wa mshona viatu amenisimamisha: "Eti mdogo wako amegundua ua? Huyu huyu aliyekuwa akivaa viatu mguu siko?"

Haya. Kwenye mchoro shina linaelekea kulia. Nilikaa chini. Mchoro kulia, chapa kushoto: maana yake uliunakili kwenye shaba vilevile ulivyo, hukugeuza.

Halafu nikakumbuka una tabia ya kuchora kinyume tangu mwanzo, hukohuko porini, ili usihangaike na kioo cha kugeuzia baadaye. Kama ulifanya hivyo, chapa ni sahihi. Nitajuaje? Nikatazama vivuli. Kwa Baba, mchoro wa kweli, usiogeuzwa, una mwanga wa kushoto, daima. Huu wako una mwanga wa kulia. Basi uliuchora kinyume, na ua ni jipya. Hongera, na uache kutusumbua.

Dada yako,
Walburga


Adelaide, 29 Julai 1861

Dada,

Salamu kwa Mama. Homa haijarudi.

Barua yako ilinifurahisha kwa muda wa kama saa moja. Kisha nikatoka uani. Baba alituketisha tukitazama magharibi, jua la mchana likiwa mkono wa kushoto, na huku nilipochora niliketi vivyo hivyo kwa mazoea. Lakini huku jua la mchana hupita kaskazini. Lilikuwa mkono wangu wa kulia.

Kama nilitia vivuli kwa kufuata jua, mchoro ni wa kweli na chapa ni makosa. Kama nilifuata Baba, umesema sawa. Sikumbuki nilimfuata nani. Nimejaribu kukumbuka mpaka naota vijiti.

Alhamisi nilikwenda kwa Daktari nikamweleza yote. Alikwisha andika maelezo ya ua na jina letu juu yake.

"Amthor, miezi karibu mitano umekaa na jambo hili?"

"Nilikuwa nangoja barua, Daktari."

"Kutoka Nuremberg? Ikuambie ua la hapa linazunguka upande gani?"

"Ndiyo."

"Na imekuambia?"

"Imeniambia, lakini siiamini."

Akacheka, si kwa furaha. Kisha akachukua mezani michoro ya bamba la kumi na la kumi na moja, akaifungia kabatini, funguo mfukoni. Nikamwomba ruhusa ya kwenda vilimani. Akasema hatakwenda mtu peke yake akarudi na ushahidi wa macho yake tu. Tutakwenda wote wawili.

Mwambie Mama asimwambie mtu mwingine. Mwoka mikate basi, imetosha.

Tunaondoka Jumanne, tarehe 17 Septemba, kwa gari la posta. Mmea tutaukata pamoja na kijiti chake. Chama cha Mimea, ambako majina mapya hutangazwa, kinakutana Jumanne, tarehe 8 Oktoba, saa moja na nusu jioni. Daktari atasoma jina letu, au mimi nitasimama kueleza kwa nini halisomwi.

Mdogo wako,
Leberecht