Hakuna Anayefaa

Machi 4

Mjomba wangu,

Shikamoo. Magoti yanasemaje? Mimi mwili mzima, moyo ndio unaofuka moshi.

Uliniombea kazi kwa rafiki yako msimamizi, nami nashukuru. Lakini rafiki yako huyo ni balaa! Hapa kiwandani mkate ukiungua, aliyekuwa na zamu ya tanuri husimamishwa getini jioni akiwa ameukumbatia, wenzake wote wapite wamwone. Watu wazima, mjomba! Juzi alisimamishwa mama mwenye wajukuu.

Kwa hiyo hakuna anayefungua mdomo. Tanuri la pili linaunguza upande wa kushoto, sote tunajua. Tunageuza trei katikati ya moto, tunababuka vidole, tunanyamaza. Atakayesema ndiye atakayeambiwa kaliharibu yeye.

Navumilia kwa jambo moja. Makao makuu wanataka mtu mmoja kila kiwanda akasomee ufundi wa matanuri. Nikirudi ni fundi, nimeachana na trei. Msimamizi ndiye anayependekeza jina. Niombee.

Mpwa wako

Machi 15

Mpwa wangu,

Marahaba, mama. Magoti yananung'unika, lakini dukani bado yananifikisha.

Punguza moto. Yule bwana ni mkali tangu ujana wetu, lakini kazi anaijua. Hata mimi nilinyooshwa na wakali. Inamisha kichwa, nafasi utaipata. Tena usiniaibishe, jina langu ndilo lililokuingiza pale.

Ila hilo tanuri mwambie, kwa adabu, mkiwa wawili ofisini. Msimamizi gani atakataa kuambiwa ukweli?

Mjomba wako

Aprili 2

Mjomba,

Shikamoo. Salamu nyingine leo sina.

Nilimwambia. Nilibisha hodi, nikamwita mzee, nikasema taratibu kama ulivyoniagiza. Hakuinua hata macho. "Nani kakufanya fundi?" Jioni nikasimamishwa getini, na siku hiyo sikuunguza hata kipande.

Jana wametangaza majina ya mafunzo. Viwanda vingine vyote vimepeleka mtu. Chetu kimeandikiwa: hakuna anayefaa. Angepewa mwenzangu ningelia kidogo, kisha ningempa mkono. Huyu nafasi kaiacha ioze! Kiwanda kizima, hakuna anayefaa!

Ulisema niinamishe kichwa. Nimekiinamisha mpaka shingo inauma. Usiniandikie tena habari za kuvumilia.

Mpwa wako

Aprili 11

Mpwa wangu,

U hali gani? Leo siulizi kwa mazoea.

Nilimfuata nyumbani kwake. Alinikaribisha chai, nikamuuliza kwa nini hakukupendekeza. Akacheka. "Mpwa wako? Yule ndiye mkono wangu wa kulia. Nikimwachia aende, nani atanigeuzia zile trei?" Kumbe tanuri anajua ni bovu! Anaogopa kuliripoti, wakubwa wasije wakamuuliza alikuwa wapi siku zote. Na aliyasema hayo kama anakusifu.

Nilisukuma kikombe kando. Nilimwambia yote yaliyonijaa, tukaachana kwa matusi, mimi na mtu niliyekuwa naye tangu utotoni.

Toka hapo, mama. Jina langu lisikushike. Nijibu hata mstari mmoja.

Mjomba wako

Julai 20

Mjomba wangu,

Shikamoo. Najua kimya changu kimekutesa, unisamehe. Mimi mzima, nakula, nalala.

Nilitoka wiki ileile. Sasa niko kwenye duka dogo la mikate, nafagia na kupanga rafu. Mwenye duka ni mama mpole, mpaka mwanzoni nilidhani ananitega.

Juzi tanuri lake lilianza kuunguza upande mmoja. Akaniita, akaniuliza, "Wewe umetoka kiwandani. Unaonaje?"

Nilijua tatizo hata kabla hajamaliza kuuliza. Lakini macho yangu yalikimbilia mlangoni, na nikajisikia nikisema, "Sijui, mama." Akamwita fundi. Fundi akasema lilelile nililokuwa nalo mdomoni.

Nilikwenda stoo nikalipiga ngumi gunia la unga mpaka nikawa mweupe mwili mzima. Yule mama alinikuta hivyo, akanipangusa uso kwa aproni yake. Akasema mwakani kuna mafunzo ya ufundi, atanipendekeza nikitaka.

Nilitaka, mjomba. Nilitaka kweli. Nilisimama mbele yake nikashindwa kusema ndiyo. Bado anasubiri jibu langu, na kila asubuhi naingia kazini nalo, natoka nalo.

Mpwa wako