Makopo ya Fila Uliyotutumia, Mjomba

Komarock,
Nairobi.
9 Mei 2025

Mpendwa Mjomba Kweyu,

Pokea salamu zetu sote. Natumaini mgongo umekuachilia kidogo, na kwamba joto la Mombasa halikunyimi usingizi kama mwezi uliopita. Sisi tu wazima. Mama bado anakohoa asubuhi, lakini akianza kugombana na jirani juu ya kamba ya nguo, kikohozi humpotea. Ningekupigia simu, ila kwa simu wewe hucheka na mimi hunyamaza.

Ninaandika kwa sababu ya karakana yetu. Unamkumbuka Jawahir, mwenye duka la vitambaa Eastleigh? Tulimtengenezea kibao cha mbao chenye herufi za kuchonga. Mbao zilikuwa na matundu ya misumari, kwa hivyo Simiyu aliyaziba kwa fila, akapiga msasa, akapaka rangi. Kilipendeza. Baada ya mvua chache tu, Jawahir alikirudisha mwenyewe, akakisimamisha mlangoni mbele ya wateja.

"Wewe msichana," akaniuliza, "hii ni kibao ama ni chapati? Mbona inatoka maganda?"

Watu walicheka. Mimi nilikuwa nikitazama mikono ya Simiyu.

Najua ni mume wa dada Nafula. Lakini nilikuwa nimemwona nyuma ya karakana akichanganya vumbi la msumeno na gundi nyeupe, akiangalia huku na huku kama mtu anayekojoa kando ya barabara. Makopo yako ya fila, uliyosema ni mapya kutoka ghala la tajiri wako, yalikuwa rafuni, na ni moja tu lililofunguliwa. Nilijiuliza anayawekea nani. Mama hakujiuliza. Alisema mwanamume huyu amezoea njia za mkato, na mwisho wa mwezi aende akatafute kibarua viwandani na watu wa Mukuru kwa Reuben.

Mimi siwezi kulala na jambo nusu. Nilichukua bisibisi nikakwangua yale matundu ya kibao. Mchanganyiko wa Simiyu una rangi ya mbao. Kilichomomonyoka mikononi mwangu kilikuwa cheupe kama chaki. Kilikuwa cha kopo, Mjomba.

Nikamwuliza Simiyu kwa nini alikaa kimya. Alikuna shingo.

"Triza, wacha tu. Hii kitu ilitoka kwa mjomba yenu. Mimi nimeoa hapa. Nikisema imeharibika, mathe atasikia nimetukana nyumba yake. Afadhali nizibe na gundi, ninyamaze."

"Na kibao cha Jawahir?"

"Hiyo nilikuwa sijajua bado. Nilidhani fila ni fila."

Kwetu mkwe hakatai kilichotoka mkononi mwa wakwe, hilo nalijua. Lakini pia sikumwamini moja kwa moja, kwa maana heshima ni mahali pazuri pa kujifichia. Basi nikateremsha makopo yaliyobaki.

Yote yamezungushiwa selotepu kwenye kifuniko. Ncha ya kila selotepu imekunjwa kidogo, ili mtu asiitafute kwa kucha. Sijawahi kuona mtu mwingine akifanya hivyo isipokuwa wewe. Ndivyo ulivyonifundisha kufunga vitabu vyangu vya shule. Chini ya selotepu kuna mikwaruzo ya bisibisi. Ndani, juu kumelainishwa kwa thina hadi harufu inachoma macho, na chini ni ngumu kama jiwe. Fila hizo zilikauka zamani, kisha mtu akazifufua.

Nilikwenda Muthurwa nikanunua fila ile ya kuchanganywa na hadina, dawa inayoifanya iwe ngumu. Nilikataa kuondoka dukani mpaka mwenye duka afungue kopo mbele yangu, naye akaniuliza kama nimetumwa na polisi. Nikatoboa matundu katika ubao mmoja, nikaziba kwa hiyo, kwa yako na kwa ya Simiyu, nikauacha mvuani. Yako ilizama na kupasuka. Ya Simiyu ilivimba ikawa uji, kwa hivyo naye hana la kujivunia. Ya hadina ilibaki, na ilikubali msasa na rangi. Kibao cha Jawahir nimekirudia kwa hiyo, na sasa kiko juu ya mlango wake.

Lakini Mama hajaona ubao wangu. Amekataa kutoka nje kuutazama. Anasema kaka yake hawezi kutuma kitu kibovu, na uamuzi wake juu ya Simiyu hautabadilika. Dada Nafula ameanza kukunja nguo za watoto.

Neno langu haliwezi kushindana na jina lako katika nyumba hii. Kama ulipewa makopo hayo ukayafunga tu bila kujua, nitakuamini, ingawa itanichukua muda. Kama ulijua, sitamwambia mtu. Vyovyote vile, mpigie Mama kabla ya mwisho wa mwezi, umwambie kwa mdomo wako kwamba fila ilikuwa mbovu. Usinipigie mimi.

Wasalimu shangazi na Bwire, na umbusu mtoto mchanga. Simiyu anakusalimu pia, na hajui ninachoandika. Mungu akulindie mgongo na akupe ulimi mwepesi.

Ni mimi ninayekupenda, hata ninapokushuku,
Triza