Kugombea na Marehemu

Alhamisi, 18 Oktoba

Lyle Brungardt amekufa.

Nimeandika hivyo nione kama itaniingia akilini. Haijaingia. Jana tu tulikuwa jukwaa moja kwenye ukumbi wa kanisa, kwenye mdahalo, yeye mbunge na mimi mpinzani wake, akiniita "mwalimu mkuu wetu" ili watu wacheke. Mimi sijafundisha hata siku moja, nilikaa tu kwenye bodi ya shule. Leo asubuhi kaanguka kwenye banda lake la matrekta. Moyo. Galen kaingia jikoni na kofia mkononi. Mume wangu havui kofia ndani ya nyumba hata akila. Nikajua kuna mtu kafa, sikujua nani.

Na mimi jana nilimsema mbele ya wote. Nilisema sheria yake ya kufunga shule ndogo inaiua shule yetu ya Tasker. Kwamba mwakani mtoto wa miaka sita atapanda basi saa nzima kwenda na saa nzima kurudi. Akajibu, Connie, unajua kupiga kelele kuliko mtu yeyote Kansas hii. Ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu. Mungu wangu.

Ijumaa, 19 Oktoba

Trudy, anayeniendeshea kampeni, kapiga simu kabla sijanywa kahawa. Kufa kufaana, shoga — kasema, akaomba radhi, halafu akasema tena. Karatasi za kura zimeshachapwa, jina la Lyle haliondoki. Lakini nani atampigia kura maiti? Tumeshaingia bunge la jimbo, anasema. Nimemwambia anyamaze.

Humu hasomi mtu, kwa hiyo niseme: nilifurahi. Kidogo tu. Nilijiona Topeka, bungeni, nimesimama, naiondoa ile sheria. Maana bodi ya shule haina meno, ndiyo sababu niliiacha nikagombea. Kisha nikaona haya, nikaoka viazi na jibini nikampelekea mjane.

Delores kapokea bakuli, kaniketisha. Hajalia bado, uso umemkauka tu. Kasema Lyle alizoea kutania: nikifa, Connie Rathbun ndiye aongee kanisani, hao wengine watanisifu mpaka nione aibu jenezani. Utaongea, mama? Nilidhani anatania na yeye. Hakuwa anatania. Ningekataaje, bakuli langu bado la moto mezani?

Jumanne, 23 Oktoba

Tumemzika. Kanisa lilifurika, wengine walisimama nje kwenye upepo.

Nilisimulia ile dhoruba ya theluji, basi la shule lilipokwama barabarani na watoto ndani. Lyle alitoka na trekta lake, akalikwamua basi na kulitangulia nyumba hadi nyumba mpaka mtoto wa mwisho akashuka. Alirudi shuleni ndevu zimeganda barafu. Akaniomba radhi, mimi wa bodi, kwa kuangusha lango letu. Watu walicheka, kisha wakalia. Muuza mbegu, lijitu lile, alilia kwa sauti. Sikujua kama ninaweza kuongea hivyo.

Hadithi ile ina nusu ya pili. Kwamba mtu huyo huyo alipofika Topeka aliinua mkono watoto hao hao wapelekwe mbali zaidi kwa basi lile lile. Hiyo niliimeza. Marehemu hasemwi vibaya, na Delores alikuwa benchi la mbele.

Galen alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza. Wamekunywa kahawa pamoja na Lyle kila asubuhi pale ghala la ushirika, tangu ujana wao. Nje akamkumbatia Delores, na watoto wake wote. Bwana huyu hakumbatii mtu ila msibani. Siku niliyoshinda bodi alinipa mkono, kana kwamba nimemuuzia ng'ombe. Bado tunamcheka kwa hilo.

Ijumaa, 26 Oktoba

Mabango ya Lyle yameongezeka. Yameongezeka! Mtu yuko chini ya ardhi na mabango yake yanaota kama uyoga.

Leo nilikuwa nagonga milango barabara ya nyuma ya shule. Nikafika kwa yule mama mwenye watoto wawili hapo Tasker, aliyenipikia biskuti za uzinduzi wa kampeni. Bango langu kaling'oa. Kaweka la Lyle. Nilisimama hapo kama mtu aliyekosea nyumba.

Kanikaribisha vizuri kabisa. Yale uliyosema kanisani, Connie, yametugusa sisi wote. Tunataka kumuaga vizuri, wewe si unaelewa? Nikamwambia, lakini Lyle hayupo. Ndiyo maana, kasema.

Na shule? Kasema Lyle akishinda, chama chake kitachagua mtu mwema wa kukalia kiti. Mtu mwema! Chama chake ndicho kilicholeta sheria. Kanifungia biskuti kwenye karatasi niende nazo.

Mdomo huponza kichwa. Wangu umeponza shule nzima.

Jumatano, 31 Oktoba

Trudy katengeneza kipeperushi. Juu, basi na theluji. Chini, kura ya Lyle ya kufunga shule, kwa herufi kubwa. Nusu ya pili. Shoga, ni ukweli mtupu, kasema, ukweli unauogopea nini? Vimo kwenye buti la gari langu, makasha mawili.

Nikamuuliza Galen. Kaendelea kula. Fanya unavyoona, mke wangu. Kisha: udongo wa kaburi wenyewe haujashuka. Halafu kaosha sahani yake mwenyewe, kitu ambacho hakifanyi.

Jumamosi, 3 Novemba

Nilitoka asubuhi niende kugawa vipeperushi. Niliamua. Nilikuwa nimeshawasha gari, Delores akaingia uani na bakuli langu. Kaliosha, halafu kalijaza mikate ya mdalasini, maana hawezi kurudisha chombo kitupu.

Kasema, nasikia wanataka kumchagua. Mimi sijamwambia mtu afanye hivyo, mama, nakuapia. Nikamuuliza basi, kwa nini husemi kitu? Wewe wakikusikia wataacha. Katazama chini. Kasema kila asubuhi anaona lile bango la Lyle kwenye kona, na kwa dakika moja anasahau. Nisamehe, anasema. Jumatano, uchaguzi ukiisha, wataling'oa.

Ndipo akalia. Nilimshika, nyuma yangu ni buti lililojaa vile vikaratasi.

Vyote nimevichoma kwenye pipa. Trudy hajui. Nimekasirika, na sijui nimemkasirikia nani.

Jumanne, 6 Novemba

Uchaguzi. Kura zinapigwa ukumbi wa michezo wa shule yetu. Mimi niko garini, ng'ambo ya mstari ambao wagombea hatuvuki ila kwenda kupiga kura zetu. Naandika juu ya usukani.

Tangu asubuhi wanatoka na stika ya "Nimepiga kura" kifuani. Nilitegemea wangenikwepa. Hawanikwepi. Wanakuja moja kwa moja mpaka kwangu na kunikumbatia. Muuza mbegu. Mama wa biskuti. Mchungaji. Bibi mmoja alinipapasa mgongo akasema, umejitahidi sana, mwanangu.

Umejitahidi. Nilipogombea bodi, watu hawa hawa walinipa mkono, wakanipiga begani, wakanitania nisile chaki za watoto. Hakuna aliyenikumbatia. Mtu uliyempigia kura humpi pole.

Trudy kwenye simu anasema naota, watu wa hapa wana huruma tu. Darasa la kwanza wako dirishani wananipungia mikono. Nawapungia na mimi.

Sasa Galen kafika, ametoka kuvuna mtama, vumbi mpaka kwenye nyusi. Ngoja nikapige kura, kasema, halafu nikuletee kahawa. Nikacheka. Angalau kura hiyo ninayo, nikamwambia. Akashusha kofia usoni, akaenda.

Amekawia kuliko wengine.

Alitoka kofia mkononi. Stika aliishika, hakuibandika. Kahawa hakuwa nayo. Nilishusha kioo nikamnyooshea mkono, kumtania, kama ile siku ya bodi. Hakuupokea. Aliinama, akaingiza mabega yake yote dirishani, akanikumbatia.

Sasa amekaa kando yangu, anautazama mlango wa shule. Mimi mwenyewe bado sijapiga kura. Naandika ili nisimuulize.