Kuni za Shemeji Odongo

Uriri,
Jumapili

Kaka yangu mpendwa,

Nakusalimu wewe, mke wako na watoto wote wa hapo Kendu Bay. Je, kikohozi kimeachilia kifua cha mama? Sisi tunapumua, lakini amani hakuna. Unisamehe mwandiko.

Unajua baba Akinyi bado yuko kwenye majani chai Kericho, na mimi nakaa hapa bomani na mdogo wake, shemeji Odongo. Sasa mwalimu wa Akinyi alianza kuwafundisha watoto nguvu inayoendesha Kenya yetu. Aliwaambia mafuta ya taa yanatoka ng'ambo na siku moja yataisha, na kuni itaisha tusipopanda miti. Lakini maji ya mto hayachoki: yanasaga unga, na huko Jinja yanatoa stima inayofika mpaka Nairobi. Akinyi alirudi akiimba maneno hayo kama wimbo wa kanisa. Nilifurahi, kaka.

Siku nyingine mwalimu akauliza kila mtoto, "Kwenu kuni inapika nini?" Wengine wakasema kuon, ule ugali wetu, wengine samaki. Akinyi wangu akasimama: "Kwetu kuni nyingi ni ya baba mdogo. Inapika chang'aa." Darasa zima likacheka. Mtoto wa askari wa chifu hakucheka.

Kesho yake askari wakaingia bomani. Walipasua mapipa ya pombe hiyo iliyokatazwa, wakamchapa Odongo viboko mbele ya wake zake mpaka shati likashikana na mgongo. Wakamwambia maneno yametoka darasani kwa Akinyi. Walipoondoka tu, akachukua panga akashika njia ya shule. Mimi nilikuwa natwanga mtama. Nilimfuata mbio na mchi mkononi, nikamkuta darasani amemsimamia mwalimu.

"Nani alikutuma kuuliza kuni zangu?"

"Mzee, nilikuwa nafundisha watoto tu..."

Akamkata mwalimu begani, damu ikaruka mpaka ubaoni. Watoto wakaruka nje madirishani. Akamshika Akinyi shingo: "Huu mdomo naushona leo!"

Kaka, nilipiga ule mkono wa panga kwa mchi. Nilisikia mfupa ukivunjika. Akaanguka, akaniangalia.

"Shemeji, umenivunja kwa sababu ya mwalimu?"

"Kwa sababu ya mtoto wa ndugu yako. Inuka nikuvunje na wa pili!"

Mwalimu yuko hospitali, anaishi. Sisi tunalala kwa mama mchungaji, hapo kanisani, maana vijana wa Odongo wanapiga nyumba yangu mawe. Wazee wa ukoo wamesema Akinyi aache shule, basi maneno yaishe. Mtoto ameniuliza, "Mama, nilidanganya?" Nikasema hapana. "Basi kwa nini niache?"

Kwa hivyo njoo haraka umchukue asome huko kwenu. Usipite bomani, uje moja kwa moja kanisani. Mimi usinichukue. Nikitoka hapa, shamba la mume wangu wataligawana.

Msalimie mama, na shangazi aliyenishika mkono nikijifunza herufi. Msalimie zaidi mke wako, ambaye sasa ndiye atamchana Akinyi nywele. Mwambie mtoto huyu akiulizwa kitu hujibu ukweli. Asimpige kwa hilo.

Mimi dada yako,
Mama Akinyi