Kifusi Getini

Jumatatu, 5 Oktoba 1998

Wajawazito kumi na mmoja leo. Mizani inacheza tena, nimeweka kipande cha kadibodi chini ya mguu wake. Msaidizi wangu Salome kachemsha vifaa, mimi nimepima matumbo mpaka mgongo ukakataa. Joto la kunata. Hakuna upepo wowote kutoka ziwani.

Saa tano mama mmoja kateleza kwenye zege la kuingilia. Mimba ya miezi saba. Kaangukia mkono, hakuumia.

Zege lile alilimwaga mwenye nyumba wa zamani. Limepasuka katikati, maji yanatuama, ukungu wa kijani umeota. Mchana linaunguza nyayo, asubuhi linateleza. Bwana Afya alishaandika kwenye daftari la ukaguzi: njia irekebishwe kabla ya mwisho wa Novemba, la sivyo anafunga kliniki. Alisema kwa upole. Ndiyo maana nimemwamini.

Alhamisi, 8 Oktoba

Masanja amekuja kuangalia. Ni mume wa Nkwimba, yule wa mimba ya nne anayehudhuria hapa tangu Juni. Nkwimba ndiye aliyeniambia mumewe ni fundi. Mtu mpole, mikono mipana. Alipiga zege kwa kisigino, akainama kusikiliza. Anasema chini kuna uwazi, udongo umeondoka na maji. Tumwage zege jipya, au tupange vitofali vya saruji, vile wanavyoita pevingi. Maji yanapita kwenye viungo. Kimoja kikizama unakinyanyua na kukirudisha.

Nimechagua pevingi.

Niandike ukweli, hapa hasomi mtu. Kuziba nyufa na kusugua ukungu kungemtosha Bwana Afya. Lakini kliniki mpya ya daktari kule barabara kuu ina pevingi nyekundu, na wajawazito wangu wawili wamehamia huko. Tangu serikali iruhusu watu binafsi, vituo vinaota kama uyoga. Miaka ishirini na sita nimezalisha kwenye wodi za serikali, wakati mwingine kwa mwanga wa kibatari. Sitaki kushindwa na mlango mzuri.

Jumanne, 13 Oktoba

Wameanza kuvunja. Masanja na wenzake wawili, nyundo na mitaimbo tangu saa moja. Vumbi mpaka kwenye chandarua. Kusikiliza mapigo ya mtoto tumboni haiwezekani, nasikia nyundo tu.

Zege nene kuliko tulivyodhani. Kifusi wamekilundika getini. Kesho lori linakibeba, anasema Masanja.

Jumamosi, 17 Oktoba

Lori halijabeba kitu. Kutoka getini hadi barazani ni handaki, na juu yake ubao. Wajawazito wanapita mmoja mmoja, Salome akiwashika mkono.

Nimekwenda kwa Bwana Kanti, anayefyatua vitofali hapa hapa Nyakato, nyuma ya kinu cha mafuta. Vyangu viko chini ya magunia yaliyolowanishwa, bado vibichi. "Sista, ukivichukua leo vitamong'onyoka mikononi mwako," aliniambia. "Niachie siku kumi nivinyweshe maji." Nilikasirika, ila ni kweli. Jua hili linakausha saruji juu, ndani bado uji. Masanja alipaswa kulijua hilo kabla ya kuvunja. Mimi nilipaswa kuuliza.

Zamani saruji ilikuwa kwa kibali, unasubiri miezi. Sasa iko kila duka. Na bado nimekaa na shimo.

Jumatano, 21 Oktoba

Masanja hajaonekana tangu Jumamosi. Leo wenzake wawili wamekuja kuniuliza mimi yuko wapi.

Ijumaa, 23 Oktoba

Sasa najua. Nkwimba alikuja kliniki, macho chini.

"Amevuka kivuko cha Kigongo Jumatatu, Sista. Amekwenda machimboni Geita. Kuna rafiki zake wamepata dhahabu. Amesema wiki mbili."

"Na shimo langu?"

Angejibu nini? Naye aliambiwa asubuhi ile ile, mume kashashika jembe na blanketi mkononi. Nilimsemesha vibaya, mbele ya watu, kana kwamba yeye ndiye aliyevunja zege. Kisha nikampima. Kope kwa ndani nyeupe, damu ndogo. Nimempa vidonge na kumwambia asingoje uchungu huko kwao Buswelu, aje akae hapa mwanzo wa mwezi. Alitikisa kichwa kukubali. Alipita kwenye ubao taratibu, mkono kiunoni.

Nina aibu. Hasira bado iko pale pale.

Jumatatu, 26 Oktoba

Mafundi watatu siku mbili. Wa kwanza anataka kufukua upya, eti Masanja kakosea kina. Wa pili alitazama, akaguna, akaondoka. Wa tatu kaajiriwa kiwanda cha samaki, anapakia minofu ya sangara, haoni kwa nini ashike tena toroli. Malori yote yanabeba mchanga wa kujengea viwanda hivyo hivyo. Mji mzima una kazi, kasoro kazi yangu.

Jioni tumebeba kifusi kwa ndoo, mimi na Salome. Nina miaka hamsini na mbili. Tumefungua upenyo wa kupita mtu mmoja. Mikono imechubuka, kesho nitavaaje glovu.

Ijumaa, 30 Oktoba

Mvua ya kwanza. Ndogo, lakini handaki limeshika maji na udongo umekuwa tope la kunata.

Bwana Kanti ametimiza ahadi, vitofali vimefika. Dereva hakuweza kuingia, akavimwaga nje, mbele ya kifusi. Sasa nina malundo mawili getini. Upenyo wetu umezibwa nusu. Nilipiga kelele, dereva akaniuliza nilitaka avimwage wapi.

Nimelia nyuma ya stoo. Dakika chache. Nikarudi kufunga kitovu cha mtoto.

Jumapili, 1 Novemba

Nkwimba hajaja. Nimemtuma mtu Buswelu. Majibu: mama mkwe anasema njia ya Sista haipitiki, wanangoja itengenezwe.

Jumanne, 3 Novemba

Naandika usiku.

Mvua ilianza saa sita mchana, ya kumwaga. Saa nane nikasikia honi nje. Pikapu ya jirani wa Buswelu, nyuma kuna turubai, chini ya turubai yuko Nkwimba na mama mkwe wake. Uchungu umemshika tangu alfajiri. Walikuwa wanangoja mvua ipungue.

Gari haliwezi kuingia. Machela haipiti kwenye upenyo. Ubao umezama kwenye tope. Nilisimama pale nikitazama kitanda changu safi kupitia dirishani. Hatua thelathini. Ningekuwa na lile zege bovu, lililopasuka, lenye ukungu, gari lingefika mpaka barazani.

Nikapanda kwenye pikapu. Nilipofunua, kichwa cha mtoto kilikuwa kinaonekana. Hapakuwa na cha kuamua tena. Mama mkwe na dereva walishika turubai juu yetu, maji yanapita pembeni, mimi nimepiga magoti kwenye bati. Mtoto wa kike. Alilia mara moja, kwa nguvu. Nikamfunga kwenye kitenge cha bibi yake.

Kondo la nyuma likatoka zima. Nikashukuru Mungu. Halafu damu ikaanza.

Kwanza nilidhani ni maji ya mvua. Nikamwita Salome alete sindano ya kukaza mfuko wa uzazi na dripu. Alikimbia. Kurudi, kwenye handaki, akateleza. Sinia, chupa, sindano, vyote kwenye tope. Nilimwona akipapasa mle kwa mikono miwili kama anatafuta dagaa. "Acha hizo!" nilipiga kelele. "Nenda kabatini, kuna nyingine!" Akarudi ndani amelowa tope mpaka kifuani. Mimi nasugua tumbo, nakandamiza, nasugua. Mfuko ulikuwa laini kama unga wa chapati. Nkwimba akaniambia anasikia baridi. Kisha akaacha kusema.

"Sista, usimwache," mama mkwe alisema. Hiyo tu.

Salome alifika na sindano kaiuma kwa meno, chupa ya dripu kaifunga kifuani kwa kanga, ili mikono yote miwili ishike kifusi. Nikamchoma Nkwimba pajani, nikamtundikia dripu. Mfuko ukaanza kukaza chini ya kiganja changu, taratibu mno. Damu ikapungua. Haikukata. Nikamwambia dereva aende hospitali kubwa, asisimame popote. Njia nzima nilikuwa nimepiga magoti, mkono mmoja tumboni mwake, mwingine umeinua chupa ya dripu. Watu wa Nyakato wakitazama kutoka barazani.

Walimpokea. Mimi nilibaki kwenye korido, magoti yamevimba, nimelowa. Nesi mmoja niliyemfundisha mwenyewe aliniuliza, "Sista, ilikuwaje mkamzalishia nje?"

Nikasema mvua.

Jumatano, 4 Novemba

Ameongezewa damu. Yu hai. Amefumbua macho saa nne. Mtoto ananyonya kwa shangazi yake kwa sasa.

Sijala tangu jana.

Alhamisi, 5 Novemba

Wale wenzake Masanja wamempa kondakta wa basi la Geita ujumbe. Nimefunga kliniki siku mbili. Nimewaambia wajawazito waende kule barabara kuu, kwenye pevingi nyekundu. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu mwenyewe. Haikuniuma kama nilivyodhani.

Jumatatu, 9 Novemba

Alikuja saa tatu asubuhi. Amekonda, nguo zina udongo mwekundu wa machimboni. Alisimama ng'ambo ya kifusi.

"Shikamoo, Sista."

Sikuitikia. Katika maisha yangu yote sijawahi kuacha kuitikia shikamoo. Nilimwangalia tu.

"Nimepita hospitali kwanza. Mke wangu amenieleza yote."

"Hakuyaona yote. Alikuwa amezimia."

Akatazama chini. Akagusa bonge la zege kwa kidole cha mguu. "Mimi ndiye niliyekiweka kifusi hiki hapa," alisema. "Nilikiweka hapa ili lori lisihangaike kuingia."

Nilimwambia kila kitu. Sindano kwenye tope, bati la pikapu, baridi aliyoisikia mkewe. Sikupunguza neno. Alikuwa analia bila sauti, mimi naendelea. Kuhusu dhahabu sikumuuliza, akasema mwenyewe: shimo lao lilijaa maji siku ya tatu.

Kitu kimoja sikumwambia. Kwamba mimi ndiye niliyetaka uzuri, na nikaruhusu avunje kabla vitofali havijawa tayari. Nilitaka siku hiyo moja lawama abebe yeye peke yake.

Akavua shati, akaanza kubeba kifusi kwa mikono.

Jumatano, 11 Novemba

Kifusi kimekwisha. Wenzake wamerudi. Zege lililovunjwa hawalitupi, wanalipondaponda na kulirudisha chini ya njia, juu yake moramu, ule udongo wa changarawe, wanashindilia kwa gogo tabaka kwa tabaka. Masanja anapima mteremko kwa mpira wa maji, anarudia mara tatu. Saa sita haendi kula.

Nimekuwa nikisimama dirishani kumchunga kama askari jela. Nikiona kasimama kupumua, damu inanichemka. Salome kaniambia, kwa adabu, kwamba natisha wagonjwa.

Jumamosi, 14 Novemba

Jua kali baada ya mvua, mvuke unapanda ardhini, watu wanatokwa jasho wakiwa wamekaa. Kamba zimefungwa, mchanga umesawazishwa kwa ubao, vitofali vinapangwa kuanzia barazani kwenda getini. Tok, tok, nyundo ya mpira. Ukingo wa pande zote wameujengea kwa zege, visisambae.

Asubuhi Masanja alisema shikamoo kama kila siku. Leo nimesema marahaba. Ilinitoka tu. Akaendelea kupanga.

Nkwimba ametoka hospitali Alhamisi. Yuko kwa mama mkwe.

Jumatano, 18 Novemba

Imekwisha. Wamefagilia mchanga kwenye viungo, pikapu imepita mpaka barazani, ikarudi kinyumenyume, ikapita tena. Hakuna kilichozama.

Nilimwita Masanja pembeni. Nikamwambia lile ambalo sikumwambia. Kwamba nyufa zingezibwa tu, kwamba nilikuwa nashindana na mlango wa mtu. Alisikiliza mpaka mwisho akifuta nyundo.

"Basi tulikuwa wawili, Sista," alisema.

Hakunisamehe wala hakunilaumu. Akakusanya vifaa vyake.

Ijumaa, 20 Novemba

Bwana Afya kakagua. Katembea juu ya vitofali, karuka ruka kidogo, kasifia. Akasaini. Nilikuwa nimeingojea saini hiyo miezi miwili. Nilipoipata nilitaka tu aondoke.

Aliomba pia daftari la uzazi. Nikamwambia liko kwa Salome, aje wiki ijayo. Uongo.

Jumapili, 22 Novemba

Baada ya misa. Hakuna mgonjwa. Salome kaenda Kirumba kwa dada yake. Mvua ndogo tangu mchana, inalowanisha vitofali na kupotea kwenye viungo.

Nimelifungua daftari la uzazi. Mstari wa tarehe tatu Novemba uko wazi tangu siku ile. Kila nilipofika hapo nilikuwa nageuza ukurasa.

Nimeandika. Jina la mama: Nkwimba Masanja. Mtoto: wa kike, hai. Hali ya mama: alitokwa damu nyingi, alipelekwa hospitali, amepona. Mahali alipojifungulia: nje ya geti, kwenye gari. Kwenye maelezo nimekaa muda na kalamu. Kisha nikaandika: Njia ya kliniki ilikuwa imevunjwa kwa agizo langu, haikupitika.

Nimesaini jina langu lote. Nimeliacha daftari mezani, wazi, wino ukauke.